Darasa la saa nane mchana: namna ya kulinda hamu ya wanafunzi wa chuo

Saa nane mchana, Kisumu, ndani ya darasa lenye paa la mabati lisilo na dari, ndipo hamu ya kusoma hupimwa kwelikweli. Wanafunzi 70 wametoka kula chapo-madondo (chapati na maharagwe), jua limelichoma bati tangu asubuhi, na mkufunzi anaingia dakika 20 baada ya saa, anawasha projekta, anaanza kusoma slaidi neno kwa neno. Ikifika saa tisa, safu tatu za nyuma ziko kwenye simu. Jioni, kwenye chumba cha walimu, utasikia: "Watoto wa siku hizi hawataki kusoma."

Wako wasiotaka, hatukatai. Yuko aliyepangiwa na KUCCPS, shirika la Kenya linalowapangia wanafunzi vyuo na kozi, kozi ambayo hakuiwaza, yuko anayedaiwa karo, yuko aliyelala njaa. Hayo mkufunzi hawezi kuyamaliza. Mwongozo huu ni wa yale anayoyaweza: mienendo midogo ya darasani ambayo kila siku humwongezea mwanafunzi sababu ya kurudi au humpunguzia. Unamfaa anayefundisha chuo anuwai, chuo cha walimu au chuo kikuu, awe Nakuru, Kakamega au Bondo.

Mwaka 1991, Patricia Kearney na wenzake huko Marekani waliwauliza wanafunzi wa vyuo ni mambo gani ya walimu wao yanayowaudhi. Majibu yalipangwa katika aina 28, na aina hizo zikaangukia mafungu matatu: kutomudu kazi (maelezo yanayochanganya, somo lisilo na mpangilio), dharau (kejeli, upendeleo, matusi), na uzembe (kuchelewa, kukosa darasa, kukaa na karatasi za wanafunzi). Wakufunzi wengi wakiambiwa wajirekebishe hukimbilia fungu la kwanza, wanatengeneza slaidi mpya zenye rangi. Kwa vyuo vyetu, uzembe ndio unaoua kimyakimya, na ndio rahisi kuuondoa. Tuanzie hapo.

Saa

Chukua somo la saa 2 kwa wiki, muhula wa wiki 14. Ukichelewa dakika 20 kila mara, umepoteza dakika 280, yaani zaidi ya masomo mawili mazima. Mwanafunzi hapigi hesabu hiyo, lakini aliyepanda matatu Ahero alfajiri ili awahi somo la saa mbili, akakuta mlango umefungwa, ameshajua. Wiki ya tatu naye atachelewa. Ya tano hatakuja. Usimwite mkaidi, maana anafuata ratiba yako halisi, si ile iliyobandikwa ukutani.

Ukiona kweli utachelewa, mwandikie kiongozi wa darasa mapema, angalau dakika 45 kabla, useme utafika saa ngapi na waanze na nini: "Fanyeni swali la 3 na la 4, nitayaangalia nikifika." Ujumbe wa "niko njiani" ni bure, kwa sababu haumpi mtu la kufanya. Na somo la kufidia usilitupe Jumamosi bila kuuliza. Wengi hufanya vibarua wikendi, na eneo hili lina Wasabato wengi ambao siku hiyo wako ibadani. Toa nafasi mbili za katikati ya wiki, darasa lichague.

Ukishafika, dakika 5 za kwanza zifanane kila wiki: swali moja ubaoni kuhusu somo lililopita, wao wanaandika kwenye madaftari, wewe unapita kati yao ukitazama. Mahudhurio ya majina 70 kwa sauti hula dakika 5 au 6 na kulaza darasa zima. Pitisha karatasi ya sahihi. Ndiyo, kuna atakayemtilia rafiki yake sahihi. Hesabu vichwa ulinganishe, yatosha.

Unaposimama, na mvua ikija

Jambo ambalo watafiti wa mawasiliano wamelichunguza sana darasani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ni ukaribu wa mwalimu: kutazama watu machoni, kutabasamu, kusogea, kuita majina, kutojificha nyuma ya meza. Wanafunzi wa mwalimu wa namna hiyo hulipenda somo zaidi na hutaka kuendelea nalo. Ila isomwe vizuri: ukaribu hukuza hamu kuliko unavyoinua alama za mtihani. Mkufunzi mcheshi asiyeeleweka atapendwa, na darasa lake litafeli likicheka.

Ukijipima utaona unafundishia eneo la hatua tatu, kati ya meza na ubao. Toka nyuma ya meza ndani ya dakika ya kwanza. Badilisha mahali kila dakika 10 hivi, na angalau mara moja kwa somo eleza jambo ukiwa umesimama kando ya safu ya mwisho. Usizunguke mfululizo kama askari wa zamu, watu watakutazama miguu. Simama, sema sentensi nne au tano, kisha sogea. Ubaoni fuata utaratibu mmoja: andika, geuka, ndipo useme. Anayesema huku akiandika huongea na ukuta, na aliye nyuma hupata nusu ya maneno.

Kisha mvua. Kakamega na Vihiga alasiri nyingi zina mvua, na ikishalipiga bati hakuna sauti ya mwanadamu itakayoishinda. Kosa la kawaida ni kupaza sauti dakika 15, koo likakauka na darasa lisipate kitu. Kosa la pili ni kukaa kimya mkisubiri ikatike. Panga kazi ya kusikiliza iwe ndani ya dakika 40 za mwanzo. Begini weka zoezi la mvua, karatasi moja kwa kila watu wawili, la dakika 15 hadi 20, linalofanyika bila maelezo ya mdomo: mchoro wa kukamilisha, hesabu yenye kosa la kutafutwa, hatua sita zilizochanganywa za kupangwa upya. Mvua ikianza, gawa. Wanafunzi wakiona ulishajiandaa kwa mvua, wanajua somo hili si la kubahatisha.

Majina

Kwa darasa la 60 au 70, usijaribu kukariri orodha. Wape kila mmoja nusu ya karatasi aikunje isimame mezani, jina limeandikwa kwa kalamu nene, na aje nayo kwa wiki 4. Lenga majina 6 kwa kila kipindi. Ukiwa na vipindi viwili kwa wiki, utayafahamu karibu yote nusu ya muhula ikifika. Muulize mtu anapenda kuitwa lipi. Kuna anayetaka Kerubo na kuna anayetaka Faith. Sikiliza matamshi pia: anayemwita Ng'etich kwa "ng" ya "ngoma" anaonyesha hajasikiliza.

Tahadhari moja, na ni nzito. Mizaha ya kabila, hata ile inayochekesha wote, ina mtu inayemwacha nje. "Nyinyi watu wa huko mnapenda..." ikishatamkwa, huyo hatainua mkono tena. Vivyo hivyo utani kwa lugha ya mama. Ukitania kwa Kijaluo ndani ya darasa lenye Waluhya, Wakisii na Wakalenjin, umewaambia wengine kwamba wao ni wageni. Kueleza jambo gumu kwa Kiswahili, hilo ni sawa kabisa, hata pale mtihani unapokuja kwa Kiingereza. Eleza wazo kwa Kiswahili, kisha rudi uandike ubaoni istilahi ya Kiingereza watakayokutana nayo kwenye karatasi.

Uliza, kisha nyamaza

Hapa ndipo mabadiliko madogo huleta tofauti kubwa, na ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kimya kinamtesa mwalimu kuliko mwanafunzi. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani miaka ya 1970, aliona kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 baada ya kuuliza, kisha wanajijibu au wanamrukia mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na waliokuwa kimya wakaanza kuchangia.

Fanya hivi. Uliza swali lote, hadi nukta. Usitaje jina bado, ukisema "Wanjala, niambie..." kabla ya swali, wengine 69 wamepumua, kazi si yao. Hesabu moyoni hadi 5, maana ukihesabu 3 utaharakisha na itakuwa 2. Sasa taja jina. Akimaliza kujibu, nyamaza tena sekunde 3 kabla ya kusema lolote; mara nyingi atajiongezea au kujisahihisha mwenyewe. Maswali 4 ya namna hii kwa saa moja yanatosha. Ukiuliza 20 huwezi kusubiri, utarudi kwenye sekunde moja yako. Na "Tuko pamoja?" si swali. Darasa litaitikia "Ndiyooo" na hutajua lolote.

Jibu lisilo sahihi ndilo mtihani wa mkufunzi. Tuseme ni darasa la ufundi wa umeme. "Taa mbili zinazofanana zikiunganishwa kwa mfululizo kwenye volti 240, kila moja itapata volti ngapi?" Atieno anajibu, "240, mwalimu." Njia ya kwanza: "Nani amekudanganya? Kaa chini. Mwingine!" Ameketi, na darasa zima limejifunza kwamba kukosea hapa ni aibu, watakaokuwa wanajibu kuanzia leo ni watatu walewale. Njia ya pili: "Hizo 240 zipo, lakini kwa muunganisho mwingine. Upi?" Anafikiri. "Sambamba." "Haya, kwa mfululizo taa hizo mbili zinagawana. Ngapi kila moja?" "120." Imechukua sekunde 20, na Atieno mwenyewe ndiye aliyefika. Kanuni ni hii: tafuta swali ambalo jibu lake lililokosewa lingekuwa sahihi, umpe hilo. Likikosekana, sema waziwazi, "Hapana, si hivyo," kisha eleza ni hatua gani iliyoteleza. Usimsifu mtu kwa jibu baya; wanajua, na sifa yako inashuka thamani hadi kwa aliyejibu vizuri.

Kejeli ipigwe marufuku hata pale inapochekesha. Orodha ya wanaodaiwa karo isisomwe darasani, hiyo ni kazi ya ofisi ya fedha na mtu binafsi. Maneno ya kimapenzi kwa wanafunzi, kutaka namba za simu bila sababu ya kazi, kuashiria kwamba alama zinapatikana kwa njia nyingine: huko tumetoka kwenye mambo ya hamu, tumeingia kwenye Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006.

Karatasi za CAT

Ukitaka kuona hamu ikifa kwa siku moja, mwambie mwanafunzi aliyefanya CAT (majaribio ya katikati ya muhula) zote mbili kwamba alama zake hazionekani. Kila chuo kina visa vya alama kupotea, na anayeumia ni yule aliyejitahidi, kwa kuwa mzembe hana cha kupoteza. Kinga yake ni ya kiofisi tu. Siku ya CAT, mwanafunzi atie sahihi mara mbili kwenye orodha yenye namba za usajili: akiingia na akikabidhi karatasi. Hesabu karatasi mbele ya kiongozi wa darasa, mwandike idadi juu ya orodha, wote wawili mtie sahihi, uipige picha papo hapo. Alama ziingize kwenye jedwali siku ileile unayomaliza kusahihisha, uhifadhi nakala mahali pawili, kompyuta na barua pepe yako. Wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho, kila mtu aone alama zake na atie sahihi kwamba zimo. Kosa likigundulika wakati huo hurekebishwa kwa dakika 2. Likigundulika mwaka wa nne, wakati wa kuhitimu, ni safari za ofisi hadi ofisi.

Rudisha karatasi ndani ya siku 14. Zikizidi wiki 3, mwanafunzi hakumbuki hata alichokuwa akiwaza alipoandika, kwa hiyo maoni yako hayana pa kushika. Kwa karatasi 70, dakika 3 kila moja, ni saa tatu na nusu. Zigawanye kwa siku tano, karatasi 14 kwa siku, na zinakuwa kama dakika 40. Andika mambo mawili tu: kosa moja lililomgharimu zaidi, na cha kufanya safari ijayo. "Soma zaidi" si maoni. "Umepata fomula lakini hukubadili dakika kuwa sekunde, kabla ya kuanza, andika vipimo vyote pembeni" ni maoni. Makosa yanayojirudia yape herufi A hadi F, andika herufi tu kwenye karatasi, na maelezo ya kila herufi ubaoni siku ya kurudisha. Utaokoa zaidi ya nusu ya kalamu.

Kuna hila moja inayofaa kujaribiwa. Mwaka 1988 Ruth Butler, akichunguza watoto wa shule, aliona waliopewa maoni peke yake wakiendelea kuipenda kazi na kufanya vizuri zaidi kuliko waliopewa alama, na waliopewa vyote viwili walikaribia wale wa alama. Jicho likishaona 11 juu ya 30, haliendi kwenye maneno. Basi rudisha karatasi zikiwa na maoni tu, wape dakika 15 warekebishe swali moja, kisha toa alama kipindi kinachofuata. Watanung'unika mara ya kwanza. Usikubali.

Vyuoni ambako tathmini ni ya umahiri, matokeo huja kama amemudu au bado hajamudu. Neno "bado" lina nguvu, lakini linakufa lisipotajwa kilichobaki. Mtu aambiwe: kati ya kazi 5, 4 zimekamilika, iliyobaki ni kuunga nyaya kwenye swichi ya njia mbili, na nafasi ya kurudia ni Alhamisi saa nne karakanani.

Sababu ya kusoma, na uchaguzi kidogo

Hili lina mengi yaliyoandikwa, tulipitie haraka. Mfano wa karibu unashinda wa kitabuni: takwimu kwa bei za omena za wiki sita pale soko la Kibuye, joto na mvuke kwa visima vya Menengai, uhasibu kwa daftari la chama cha watu 12. Mfano mmoja au miwili kwa kipindi. Ukizidisha wanaona unawachekesha. Uchaguzi nao uwe mdogo na wa kweli: mada tatu za kazi ya kikundi wachague moja, au tarehe mbili za kuwasilisha. Kuwaambia "chagueni chochote" huzaa kikundi kimoja kinachofanya kazi na vitano vinavyosubiri.

Jihadhari na ukarimu wa uongo. Kuonyesha maeneo yatakayotoka kwenye mtihani ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupendwa Novemba na kuua somo kuanzia Septemba, kwa sababu wanafunzi wanaojua maeneo yatakuja hawana haja ya kufungua daftari kabla hayajaja. Ukali si tatizo. Mkufunzi mkali anayefika kwa wakati, anayesahihisha kwa kipimo kilekile kwa wote na anayekumbuka jina lako, watu hukaa darasani kwake hadi mwisho. Katika vyuo vya walimu jambo hili lina uzito mara mbili: unachomfanyia mwanafunzi leo, yeye atawafanyia watoto wa Gredi ya 4.

Jisikilize

Waambie wanafunzi unairekodi sauti yako mwenyewe, weka simu mezani, rekodi kipindi kimoja. Nyumbani sikiliza dakika 30 tu ukiwa na kalamu, uhesabu vitu vinne: maswali uliyouliza, sekunde ulizosubiri kila mara, majina uliyoyaita, na mara ngapi sauti iliyosikika haikuwa yako. Inachosha kujisikiliza, na kila mtu huchukia sauti yake. Vumilia.

Wiki ya tatu gawa vipande vya robo karatasi, bila majina, maswali mawili: kipi kinakusaidia kuelewa katika darasa hili, kipi kinakuzuia? Waandike kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane, kiongozi wa darasa akusanye wewe ukiwa nje. Watu wengi hukosea wakishazisoma: wanakaa kimya, au wanajitetea dakika 20. Kipindi kinachofuata taja jambo moja utakalobadilisha na tarehe ya kuanza, na jambo moja usiloweza kubadilisha na sababu yake. Usitaje la tatu. Ukiahidi matano utatimiza moja, na wiki ya nane, utakapogawa robo karatasi tena, zitarudi tupu.